Difraksheni ya eksirei kwenye tishu ya titi: chunga maji kwanza

Eksirei ya kawaida huonyesha mionzi iliyofyonzwa. Kwenye difraksheni tunasoma ile iliyotawanyika, na kila kitu hutawanya kwa pembe yake. Kwa tyubu ya eksirei ya shaba, mafuta hutoa kilele kipana (mwinuko kwenye grafu ya mionzi kwa pembe) karibu na nyuzi 20, na maji karibu na nyuzi 28. Saratani ya titi ikichukua nafasi ya mafuta, kilele cha kwanza hushuka na cha pili hupanda. Kwa hiyo maji yakichezewa, kipimo kimekwisha.

Hatua ya 1. Cha mgonjwa kwanza. Kipande cha uchunguzi kiingie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe. Cha utafiti, chenye idhini yake, kisiguswe na fomalini kwa sasa. Na usikimbilie bloku za zamani za nta, yaani tishu zilizohifadhiwa ndani ya parafini. Parafini ni fuwele, vilele vyake viko karibu na 21.5 na 24, palepale jirani na mafuta. Hata ukiiondoa kwa zailini, kiyeyusho chake, mafuta ya tishu yenyewe yalishayeyuka zamani bloku ilipoandaliwa.

Hatua ya 2. Kata unene wa milimita 1. Hapo hupita takriban theluthi moja tu ya mionzi. Ukizidisha, utangoja sana upate kidogo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo Mombasa inapotutesa. Ukitoa sampuli kwenye friji na kuifungua papo hapo, hasa kaskazi ikivuma, inatoka jasho mbele ya macho yako, na maji ya umande huo utayasoma kama uvimbe wa saratani. Iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba. Kiyoyozi nacho kisiielekee, maana huikausha.

Hatua ya 4. Ifunge kati ya karatasi mbili za Kapton (plastiki nyembamba inayopitisha eksirei), kingo zizibwe vizuri. Pima uzito kabla ya skani na baada yake. Ukipungua, data hiyo tupa, hata kama picha inapendeza.

Hatua ya 5. Hakiki pembe kwa unga wa silikoni (elementi Si, si ile ya mpira): kilele cha kwanza kiwe 28.44. Pima pia kishikizo kitupu, yaani Kapton bila sampuli, ukitoe kwenye hesabu.

Hatua ya 6. Skani nukta kwa nukta, hatua ziwe sawa na upana wa mwali. Kila nukta, gawanya kimo cha 28 kwa kimo cha 20, kisha uipe rangi. Ukiona vilele vyembamba karibu na 25.9 na 31.8, hiyo ni kalsiamu ya aina ya hidroksiapataiti. Usiihesabu kama maji. Mashine iwe kwenye UPS (betri ya akiba), stima zetu mnazijua.

Hatua ya 7. Paka wino ukingo mmoja wa sampuli kabla ya kuitoa kwenye kishikizo, ndipo uitie fomalini iende ikatengenezewe slaidi. Anayetoa jibu ni mwanapatholojia kwa hadubini, si rangi zako. Bila wino huo, hamtajua slaidi imegeukia upande gani.