Kufunga kompresa ya upepo kwa boneti ya gari ya 4x4, kwa sisi wa Malindi tunaoishi na chumvi

Wengi wakitaka kufunga kompresa, ile pampu ya kujaza tairi upepo, wanauliza kwanza kampuni gani ndo nzuri, ARB ama Viair ama ile ya Kichina ya bei poa. Mi huwa nauliza utaiweka wapi na moto, yaani umeme, utafika vipi, kwa sababu huku pwani pampu haifi kwa kazi, inakufa kwa chumvi na vumbi na waya mbovu, na hayo matatu ni kazi ya mfungaji. Mfano hapa ni Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ maana ndo zimejaa huku na boneti yake ina nafasi, lakini hata ukiwa na Hilux mambo ni yale yale, utabanana kidogo tu.

Kwanza kabla hujatoa hata shilingi, chukua mita upime umeme wa gari lako. Kuna Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japan zikiwa za volti 24, zina betri mbili zimefungwa kwa mfululizo, na kompresa nyingi za dukani ni za 12. Usikubali fundi akwambie "tutachukua moto kwa betri moja tu hakuna shida". Shida ipo, betri ile moja itakuwa inaisha na mwenzake inajazwa kupita kiasi, mwishowe unanunua zote mbili. Nunua kompresa ya 24 ama weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye nguvu ya kutosha, japo kwa ampea nyingi zinazovutwa na kompresa hicho si rahisi kwa bei.

Kuhusu saizi ntapita haraka. Ya mota moja inatosha kama ni tairi zako nne tu na huna haraka, inavuta karibu ampea 20 hadi 25. Ya mota mbili inajaza haraka sana lakini inaweza kuvuta hadi 60 na zaidi, hivo waya na fyuzi zote zinabadilika. Hapa naendelea na ya mota moja ya volti 12.

Hatua ya 1, mahali. Hapa ndo utumie muda, hata ukimaliza asubuhi nzima umefungua boneti unaangalia tu si vibaya. Unatafuta sehemu iliyo juu, mbali na ekzosi, isiyopigwa na maji ya tairi, na ambayo mkono unaingia siku ya kufungua. Kama gari halina betri ya pili basi ile nafasi yake ni nzuri sana. Usiifunge chini kwa chesisi hata kama umeona watu wamefanya hivo kwenye video, wale hawapiti Mambrui mchanga ukiwa na maji ya bahari. Wengine wanaiweka ndani chini ya kiti, pale ni pasafi na baridi, ila kelele utazisikia na lazima upitishe mpira wa upepo nje. Injini ya V8 yenye turbo, kwa kweli mi ningeiweka ndani tu, joto la kule mbele ni la kuchoma pampu bure.

Hatua ya 2, kitako. Jua kali yeyote atakukatia bamba la chuma la milimita 4 na kukunja. Toboa mashimo yote KABLA ya kupaka rangi, alafu praima, alafu rangi mbili, na ndani ya mashimo pia, kutu ya huku inaanzia kwa mashimo. Kati ya kompresa na bamba weka raba zilizokuja nazo, usizitupe, kazi yake ni kumeza mtikisiko wa barabara mbovu. Bolti za steinlesi ni nzuri ila zikikutana na aluminiamu ya pampu palipo na chumvi, aluminiamu inaliwa, hivo paka grisi kwa nyuzi za bolti na weka washa (ile pete ya bolti). Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, za kawaida zitafunguka zenyewe.

Hatua ya 3, umeme. Toa negativu ya betri kwanza. Waya wa pozitivu utoke moja kwa moja kwa betri, na fyuzi iwe karibu na betri kabisa, sentimita 20 zisizidi, maana fyuzi inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mtu wa kukilinda. Ya mota moja weka fyuzi ya ampea 40 ama ile iliyoandikwa kwa kitabu cha pampu yako. Waya iwe ya milimita 6 za mraba kama ni mita 2, ukipeleka nyuma kwa pikapu ongeza hadi 10. Usitumie ile waya ya nyumba ya 2.5 eti imebaki site, piga hesabu mwenyewe, mita 2 kwenda na 2 kurudi kwa ampea 25 unapoteza karibu volti 0.7 njiani, na ukiipeleka nyuma mita 4 na nusu unapoteza zaidi ya volti 1.6, pampu inazunguka kwa uchovu, inachemka, watu wanasema kompresa ni feki. Alafu nyuzi zake ni nene na chache, kwa mtikisiko zinakatika.

Rilei, ile swichi inayowashwa na moto mdogo wa dashibodi ili ipitishe moto mkubwa wa kompresa, ina namba, fuata namba usifuate rangi ya waya. 30 ni moto kutoka kwa fyuzi, 87 unaenda kwa kompresa, 86 unatoka kwa swichi ya dashibodi, 85 ni ethi, yaani upande wa negativu. Moto wa swichi uchukue mahali panapowaka ufunguo ukiwa umewashwa tu, mtoto asije akaiwasha gari limepaki. Kama kompresa yako ina swichi ya presha ipitishe kwa ule waya wa 85 kwenda ethi, presha ikifika inazima rilei, ikishuka inawasha. Ethi ya kompresa yenyewe irudi kwa betri, sio kwa bodi, bodi zetu zimeoza kwa ndani hata kama rangi inang'aa. Tamino, vile vichwa vya chuma vya waya, zibanwe kwa plaizi yake, sio kwa meno ya spana, mrija wa kusinyaa kwa joto juu yake, alafu mafuta ya mgando.

Hatua ya 4, upepo. Hewa inatoka kwa pampu ikiwa moto kweli kweli, hivo nusu mita ya kwanza iwe mpira uliosukwa kwa steinlesi, ule wa plastiki wa bluu utayeyuka. Nyuzi za viungo vya mpira zizungushie tepu ya fundi bomba, acha uzi wa kwanza wazi ili kipande kisiingie kwa valvu. Kapla, pale unapochomeka mpira wa kujazia, iwe ya shaba, mbele karibu na grili, na kifuniko chake cha raba.

Chujio la hewa usiliache lilipo kama pampu iko chini, vuta mpira ulipeleke juu karibu na ukuta wa injini. Vumbi jekundu la Marafa likiingia kwa silinda linasaga ringi.

Sasa jaribu. Washa injini kwanza, siku zote. Weka mita kwa tamino za kompresa ikiwa inafanya kazi, ukiona 13 na zaidi uko sawa, chini ya 12.5 kuna mahali moto unapotea, angalia ethi kabla ya kitu kingine. Paka povu la sabuni kwa kila kiungo, panapotoa mapovu kaza. Tairi umeshusha hadi psi 18 kwa mchanga, jaza mpaka 35 moja moja, na kama kitabu kinasema pampu ipumzike, ipumzishe, shuka unywe madafu.

Ukitoka baharini osha boneti kwa maji baridi ya mkono, sio ile mashine ya presha ya kuoshea magari, inasukuma maji ndani ya mota. Na sponji la chujio lifue kwa sabuni, likauke kivulini, kabla ya safari ya pili ya barabara ya vumbi.