Kuchagua Chujio la Bwawa la Nyumbani na Kuondoa Mwani Majini

Mwenye bwawa lililogeuka kijani kwa kawaida hukimbilia dukani kununua klorini, na akiona haikufua dafu hurudi kununua nyingine. Klorini ni ya lazima, lakini kazi yake ni kuua mwani, haiutoi majini. Mwani uliokufa hubaki ukielea kama vumbi, na kinachoutoa ni chujio. Kwa hiyo bwawa linalorudia kuwa kijani kila baada ya wiki chache, ingawa linatiwa dawa, mara nyingi lina kasoro katika chujio au katika saa ambazo pampu inawashwa. Ninaandika nikiwa na mabwawa ya nyumbani ya Dar es Salaam na mwambao akilini, ambako maji yana joto la nyuzi 28 hadi 30 kwa miezi mingi, na ambako siku mbili tatu bila klorini zinatosha kabisa kuharibu maji yaliyokuwa safi.

Chujio lipi, na la ukubwa gani

Kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya maji. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.4 lina karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Katika nchi ya joto maji yote yanapaswa kupita kwenye chujio angalau mara moja katika saa 6 hadi 8. Ukigawanya 45 kwa 6 unapata mita za ujazo 7.5 kwa saa, na hicho ndicho kiasi ambacho pampu na chujio vinatakiwa kuvimudu kwa pamoja. Chujio la mchanga lenye kipenyo cha milimita 500 linatosha kwa kazi hiyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kununua pampu kubwa kwa imani kwamba nguvu zaidi ni usafi zaidi. Pampu inayozidi uwezo wa chujio husukuma maji kwa kasi inayopenyeza uchafu katikati ya mchanga na kuurudisha bwawani, na bili ya umeme inapanda bure. Kinyume chake nacho kina hasara yake: chujio kubwa mno likifungwa kwenye pampu dhaifu haliwezi kuoshwa vizuri, kwa sababu maji yanayorudishwa kinyume hayana nguvu ya kuuinua mchanga na kuutikisa. Basi soma kibandiko cha kila kimoja, na usimruhusu fundi akuletee kilichopo stoo kwa sababu tu kipo.

Aina za machujio zilizozoeleka ni tatu. La mchanga hunasa chembe za mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), la katriji, yaani kitambaa cha kuchujia kinachotolewa na kuoshwa, hunasa za mikroni 10 hadi 20, na la unga wa diatomu, yaani unga laini wa mabaki ya viumbe vidogo vya majini, hufika mikroni 3 hadi 5. Kwa takwimu hizo la mwisho lingeonekana bora, lakini linahitaji kutiwa unga mpya kila baada ya kuoshwa, na vumbi la unga huo ni hatari kwa mapafu ya anayelihudumia bila barakoa. Kwa nyumba nyingi za kwetu ninapendekeza mchanga: fundi yeyote wa mabwawa anaujua, hauhitaji kipuri cha kuagizwa mara kwa mara, na ukitunzwa hukaa miaka 5 hadi 7. Hata hivyo, uwe mchanga wa silika uliochekechwa, wenye punje za takriban nusu milimita. Mchanga wa ujenzi, na zaidi ya hapo mchanga wa ufukweni, una udongo, chumvi na vipande vya makombe, na utaliharibu chujio.

Kuna hali moja ambayo ningechagua katriji bila kusita, nayo ni pale maji yanaponunuliwa kwa boza. Kuosha chujio la mchanga kwa dakika tatu kwa pampu niliyoitaja, pamoja na kulisuuza, kunamwaga zaidi ya lita 400 kila mara. Katriji hutolewa na kuoshwa kwa mpira wa maji, na matumizi yake ni madogo kuliko hayo. Gharama yake inakuja baadaye, kwa sababu kitambaa chake huchakaa na lazima kinunuliwe kingine.

Chujio la zamani nalo lichunguzwe kabla ya kulilaumu bwawa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako bwawa lilikuwa limetiwa klorini siku nne mfululizo na bado lilikuwa na rangi ya mchicha uliochemshwa. Nilipofungua mfuniko wa chujio na kuingiza mkono, vidole havikuzama. Mchanga ulikuwa umeshikana madonge magumu kama chokaa, na kati ya madonge hayo kulikuwa na mifereji ambamo maji yalipita moja kwa moja bila kuchujwa. Bwawa lile lilijazwa maji ya kisima cha mwambao, yenye chokaa nyingi ya mwamba wa matumbawe, na chokaa hiyo ndiyo iliyougandisha mchanga. Ukikuta hali hiyo, badilisha mchanga wote.

Kupima kwanza

Si kila maji ya kijani ni mwani. Maji ya kisima yenye madini ya chuma hugeuka rangi ya chai au kijani cha kahawia mara tu yanapotiwa klorini, na shaba inayotokana na baadhi ya dawa za mwani huyapa kijani angavu huku yakibaki maangavu. Mwani huyafanya maji yawe mazito na kuta ziwe na utelezi. Ukipitisha mkono ukutani unauhisi.

Pima pH, yaani kiwango cha ukali wa asidi majini, kabla ya kutia klorini nyingi, kwa sababu klorini ikizidi huharibu rangi ya kipimo na kukupa jibu la uongo. Nisisitize jambo hili, kwani ndilo linalopoteza fedha nyingi kuliko yote: pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali inayoua. Ikipanda hadi 8, inabaki takriban robo tu. Mtu anayetia klorini kwenye maji ya pH 8.2 ananunua kilo nne ili afanye kazi ya kilo moja. Ishushe hadi 7.2 kwa asidi ya bwawa, kidogo kidogo, pampu ikiwa inafanya kazi, kisha subiri saa chache na upime tena.

Pima vilevile asidi ya sayanuriki ikiwa umekuwa ukitumia vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole. Vidonge hivyo huacha asidi hiyo majini kila vinapoyeyuka. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita huilinda klorini dhidi ya jua, lakini ikizidi 100 huifanya klorini iwe nzito wa kazi, na hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa isipokuwa kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine. Hapo nina onyo: usilimwage bwawa lote wakati wa masika katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, kama Mikocheni au Msasani. Maji ya chini yanaweza kulisukuma bwawa tupu likapasuka au kuinuka kutoka ardhini.

Kazi yenyewe

Anza kwa kutoa majani kwa wavu na kumwaga kapu la pampu, kisha osha chujio. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa valvu inayoelekeza maji kwenye chujio. Kuugeuza pampu ikiwa inafanya kazi hukata mpira wa ndani, na valvu itavuja daima. Osha kinyume, yaani maji yapite mchangani kutoka chini kwenda juu, hadi maji kwenye kioo cha kutazamia yawe maangavu, zima, weka valvu kwenye kusuuza kwa nusu dakika, zima tena, kisha rudi kwenye kuchuja. Soma geji ya presha na uandike namba hiyo kwenye kasha la chujio kwa kalamu isiyofutika. Presha ikipanda kwa psi (kizio cha presha kwenye geji) 8 hadi 10 juu ya namba hiyo, chujio limejaa.

Sugua kuta, ngazi na pembe zote. Mwani hujifunika kwa ute, na klorini haiupenyi ute huo kirahisi. Kwa bwawa la sementi au marumaru brashi ngumu inafaa. Kwa la faiba au la plastiki tumia ya nailoni. Madoa meusi yenye kichwa kigumu yasuguliwe kwa brashi ya chuma, kama bwawa ni la sementi, hadi kichwa kitoke, kwa sababu mizizi yake imo ndani ya plasta.

Tia klorini jua likizama, kwa kuwa jua la mchana huiteketeza. Kwa bwawa letu la lita 45,000, gramu 700 za klorini ya chembechembe yenye nguvu ya asilimia 65 huongeza miligramu 10 kwa lita, kiasi kinachotosha kwa maji ya kijani hafifu. Kama ngazi ya pili haionekani, tia mara mbili yake. Jaza maji kwenye ndoo kwanza ndipo uweke klorini, kamwe usianze na klorini kisha ukamimina maji juu yake. Vaa glavu na miwani, simama upande ambao upepo unatoka, na umimine kuzunguka bwawa. Klorini ya chembechembe isigusane kamwe na vidonge wala na asidi, hata kwa ndoo iliyotumika bila kuoshwa. Mchanganyiko wa kwanza unaweza kulipuka, na wa pili hutoa gesi inayoua.

Acha pampu ifanye kazi usiku na mchana. Asubuhi pima: klorini ikiwa imeisha kabisa, mwani bado uko hai, nawe urudie jioni. Maji yakigeuka kutoka kijani kuwa meupe kama ya kuoshea mchele, mwani umekufa na zamu ni ya chujio. Hapa subira inahitajika, kwa sababu chembe nyingi za mwani ni ndogo kuliko zile ambazo mchanga mpya unazinasa. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko uliooshwa sasa hivi, hivyo usioshe chujio kila saa, fuata geji. Siku mbili au tatu ni za kawaida.

Ukitaka kuharakisha, tumia shabu, ileile iliyotumika tangu zamani kutuliza maji ya mto ndani ya mtungi. Izungushe majini, kisha zima pampu usiku kucha. Uchafu utashuka na kulala chini kama tandiko. Ufyonze taratibu, valvu ikiwa kwenye njia ya kumwaga nje, ili usipite kwenye mchanga. Mwenye chujio la katriji asitumie shabu, kwa kuwa itaziba kitambaa.

Mtu yeyote asiingie majini, na watoto wasisogelee ukingo bila mtu mzima, hadi uone waziwazi tundu la kutolea maji lililo kwenye kina kirefu, kwa sababu aliyezama katika maji yasiyoonekana chini hapatikani kwa wakati. Subiri pia klorini ishuke hadi miligramu 3 kwa lita. Tumbukiza brashi, wavu na maboya ya watoto bwawani usiku ule ule wa klorini nyingi, kwani mwani wa njano hujificha humo na kurudi. Baada ya hapo washa pampu kwa muda wa saa 8 kila siku. Ya kilowati 0.75 itatumia uniti 6 za umeme. Umeme ukikatika siku nzima, sugua kuta na utie klorini kwa mkono jioni ileile.