Mbwa wa shamba akizeeka: mpime maji, mkague kinywa, mpunguzie zamu

"Bwana mifugo, huyu usimhangaikie. Ameshazeeka tu."

Kauli hiyo nimeisikia kwenye nyumba nyingi huku nyanda za juu za Njombe. Mara ya mwisho aliitoa bibi mmoja ambaye nilikuwa nimepita kwake kuchanja kuku dhidi ya kideri. Chini ya kihenge alikuwa amelala mbwa dume mwekundu wa miaka 10, kwa hesabu ya mjukuu: "Alizaliwa nilipoanza darasa la kwanza, sasa niko kidato cha nne." Mbavu zinahesabika, mate yananing'inia, siku ya nne hajagusa ugali.

Kabla ya kumgusa niliuliza mambo mawili. Amechanjwa lini? Na je, siku hizi amemng'ata mtu au kubadilika tabia? Kadi ikaletwa, chanjo ya kichaa ya miezi mitano nyuma, na tabia yake ni ileile ya siku zote. Nikavaa glovu nzito, mjukuu akamshika shingo kwa nyuma, nikainua mdomo wa juu. Harufu ilitangulia. Kipande cha mfupa wa mbuzi kilikuwa kimelala kwenye kaakaa, kimebanwa kati ya magego ya kushoto na ya kulia kama komeo la mlango, na nyama pembeni yake imeshaanza kuoza. Koleo dogo lilikitoa. Jioni alikunywa uji, kesho yake akala.

Ng'ombe akiacha kula tunapiga simu siku hiyohiyo. Mbwa aliyemlinda ng'ombe huyo usiku kucha akiacha kula, tunataja umri na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilivyofanya kwa bibi yule usiige. Mbwa anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, taya limelegea, anaweza kuwa na kichaa cha kimya, kile kisicho na ukali wala kukimbizana na watu. Kwa macho hutakitofautisha na mfupa uliokwama. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, umwite mtaalamu. Akikung'ata, au mate yake yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo ukapate chanjo. Mzee naye huchanjwa kila mwaka kama kijana. Wapo wanaomwacha nyumbani siku ya kampeni kwa kuwa "wa kufa kesho", na huyo ndiye anayelala mlangoni na wajukuu.

Sasa, mzee ni yupi? Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 huanza kuonyesha umri akiwa na miaka minane au tisa. Wakubwa wa kizungu huwahi, miaka saba hivi. Mvi mdomoni, usingizi mwingi, masikio yaliyopungua, weusi wa jicho kupata ukungu wa bluu hafifu huku bado anaona vizuri: hayo ni ya umri, mwache nayo. Jicho likiwa jeupe kabisa kama maziwa, huo ni mtoto wa jicho. Na walio jirani na mapori yenye mbung'o wakumbuke kwamba macho yanayogeuka bluu kwa siku chache, mbwa ana homa na anakonda, yanaweza kuwa ndorobo, na ndorobo ina dawa.

Kipimo ninachowapa wafugaji kabla ya kingine chochote hakina gharama. Chukua chupa ya nusu lita. Asubuhi mwekee mbwa maji uliyoyapima, mfunge kivulini kwa siku hiyo ili asiende mtaroni, na weka bakuli mahali kuku hawafiki. Kesho asubuhi pima yaliyobaki. Mbwa wa kilo 15 hunywa robo tatu ya lita hadi lita moja hivi kwa siku, zaidi kidogo kwenye joto au akila chakula kikavu. Akipitisha chupa tatu, yaani lita moja na nusu, kuna jambo: figo, sukari, au kwa jike asiyehasiwa, usaha ndani ya kizazi. Huo wa kizazi huja mara nyingi wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume. Jike anakunywa sana, anatapika, tumbo limejaa, na pengine uchafu wenye harufu unatoka nyuma, ingawa wakati mwingine hautoki kabisa. Hapo usisubiri siku ya gulio. Anahitaji daktari wa mifugo na mara nyingi upasuaji, na kila siku inayopita inampunguzia nafasi ya kupona.

Kosa kubwa ninalolikuta ni mtu kuona mbwa anakojoakojoa barazani, akamnyima maji ili abaki mkavu. Figo iliyochoka haiwezi tena kurudisha maji mwilini, mkojo unatoka mwingi, kwa hiyo mbwa anakunywa ili kufidia anachopoteza. Ukimnyima, unammaliza.

Damu ya matone kutoka sehemu za siri, kwa dume au jike, huwa haina uhusiano na uzee. Mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, umejaa kwa mbwa wanaozurura, na wengi hupona kwa sindano za kila wiki anazochoma daktari.

Viungo ndivyo vinavyowasumbua wengi. Mtazame saa 12 asubuhi, kabla hajapata jua. Akiamka kwa awamu, mbele kwanza, kisha akasimama kidogo kana kwamba anafikiri, akatembea kwa miguu migumu na baada ya hatua 30 au 40 akalainika, hayo ni maumivu ya viungo. Halii. Mbwa huficha maumivu, na kimya chake hudhaniwa ni uvivu. Hapo wengi hukimbilia boksi la dawa la nyumbani. Naomba sana, Panadol, diklofenaki na ibuprofeni za binadamu usimpe. Humtoboa tumbo na kumharibu figo au ini, na anaweza kufa kwa dozi ambayo kwako ni ndogo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, meloksikamu ikiwa mojawapo, ila chupa ya sindano unayoiona duka la pembejeo imetengenezwa kwa nguvu ya ng'ombe, na tone la ziada kwa mbwa ni jambo zito. Dozi apange daktari kwa kilo. Kumpima ni rahisi: simama naye mikononi kwenye mizani, kisha simama peke yako, utoe tofauti.

Ya bure ni haya. Asilale kwenye saruji wala udongo mbichi. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu sakitu, ule umande ulioganda, huanguka, na mbwa mwembamba mwenye viungo vibovu hapati usingizi. Mbao mbili au tatu juu ya matofali, gunia lililojazwa majani makavu ya nyasi au maganda ya mahindi, mdomo wa kibanda ugeuzwe upande usiopigwa na upepo. Majani yabadilishwe kila wiki. Kucha zake haziliki tena kwa kutembea, zinajikunja na kumchoma, kwa hiyo kata ncha kidogokidogo, milimita mbili kila mara, usiguse ile sehemu yenye damu.

Mbwa anayelala sana hulala juu ya mkojo wake, na manyoya yaliyolowa huvuta inzi. Geuza mkia, tazama chini yake na kati ya mapaja kila siku mbili. Nimeshakuta mabuu chini ya manyoya yaliyogandana kwa mbwa ambaye juu alionekana msafi, mwenyewe anasema ananuka uzee.

Kuhusu kupe, usimtumbukize kwenye dawa iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, ikizidi, kwa mbwa dhaifu hushusha mapigo ya moyo na joto la mwili. Na sindano ya minyoo ya ng'ombe haikisiwi kwa mbwa.

Kwenye chakula nina ugomvi na desturi moja. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo sisi wenyewe hatuwezi kula, tunasaga "ya mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haijali nani anakula. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa huiweza vibaya kuliko ini la mifugo mingi. Mbwa mzee aliyekuwa mzima, ghafla akaacha kula, macho na fizi zikawa manjano, choo cheusi: uliza kwanza unga ulitoka wapi.

Mpe ugali wa unga mzuri, laini, vuguvugu, umelowekwa kwenye mchuzi wa dagaa au wa vichwa vya samaki visivyo na chumvi. Dagaa wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe. Kitunguu kiachwe kabisa, huvunja damu. Yai lililochemshwa, mara mbili tatu kwa wiki, linamfaa asiye na meno. Gawa mara mbili kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa wa usiku. Mifupa iliyopikwa usimpe, mmeshaona kilichompata yule wa bibi. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni nayo hapana, kwa mbwa wa umri wowote: hapo ndipo anapopata minyoo tegu midogo ambayo mayai yake humletea mtu mavimbe ya maji kwenye ini. Na mzee ale mbali na kijana. Kijana hummalizia, nawe utasema mzee hashibi.

Hilo linanileta kwenye zamu. Mbwa wa ulinzi akitimiza miaka saba, tafuta mtoto wa mbwa. Usingoje wa kwanza afe, kwa sababu kijana hujifunza kutoka kwake nani ni mgeni, nani ni jirani, na sauti ya fungo kwenye banda la kuku inafananaje. Mzee mwondoe kwenye nguruwe pori na kukesha shambani, umpe kazi ya mlangoni mchana. Mnyororo mfupi usimfunge. Anaganda viungo na anapata vidonda vya viwiko.

Itafika siku ambayo hayo yote hayatoshi. Mimi huwauliza wenye mbwa vitu vitatu: anakula mwenyewe, anainuka mwenyewe kwenda kujisaidia, bado anatikisa mkia ukimwita? Vikikosekana viwili kwa wiki nzima, na daktari ameshamwona, tuzungumze kumpumzisha. Ni sindano, analala kwanza, haichukui muda. Sumu kwenye nyama, kumtupa porini ndani ya gunia au kumwita mwenye bunduki ni ukatili, na sumu huua pia mbwa wa jirani, fisi na tai. Hata dawa ile ya sindano hubaki mwilini mwake, kwa hiyo mzike siku hiyohiyo, shimo refu kuzidi mita moja, mbali na kisima, mawe juu kabla ya udongo ili wafukuaji wasimfikie. Jike mwenzake au kijana aliyekua naye mwache anuse kabla hujafukia. Siku chache zijazo atamtafuta kidogo, na chakula huenda akakiacha. Huyo naye umpime maji.