Somo: Kudhibiti Miongozo ya Matumizi ya Bidhaa na Kuihuisha kwa Wakati

Mwongozo wa matumizi ni sehemu ya bidhaa, sawa na skrubu, waya au kifuniko chake, na hilo ndilo msingi wa somo hili lote. Sehemu ya mashine haibadilishwi na mtu mmoja kwa uamuzi wake wa jioni, haiingii kwenye katoni bila namba, na ikibadilishwa, zile za zamani huondolewa rafuni. Mwongozo unastahili utaratibu huohuo. Kwa bahati mbaya, mahali pengi huandikwa mwisho, kwa haraka, mzigo ukiwa tayari unasubiri kusafirishwa, kisha husahaulika hadi mteja apige simu kuuliza kilipo kitufe cha kijani, ilhali kitufe hicho kiliondolewa mwaka uliopita.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kilichopo

Huwezi kudhibiti usichokijua. Pita ghalani, kwenye meza za mafundi, kwenye kompyuta za idara ya mauzo, kwenye tovuti na kwa mpiga chapa, ukusanye kila maandishi yanayomweleza mtu namna ya kufunga, kutumia, kusafisha au kutengeneza bidhaa. Usiviache vibandiko vilivyo kwenye mashine yenyewe wala ile karatasi moja ya maelekezo ya kuanzia, kwa sababu hizo ndizo husomwa zaidi na ndizo husahaulika kwanza. Kisha andika orodha kuu moja yenye namba ya waraka, jina, lugha, toleo lililopo, tarehe ya kuidhinishwa, bidhaa inayohusika, mahali nakala asili ilipo, na mtu mwenye dhamana.

Hatua ya 2: Tenganisha namba ya waraka na namba ya toleo

Namba ya waraka haibadiliki. Toleo ndilo hubadilika. Zote mbili zichapwe kwenye jalada la nyuma na chini ya kila ukurasa, kwa kuwa fundi akiwa kazini hutoa nakala ya ukurasa mmoja au huupiga picha kwa simu, na ukurasa huo ukikosa utambulisho hakuna atakayejua baadaye ulitoka toleo lipi. Tarehe peke yake haitoshi, maana haisemi kama ni ya kuandikwa, ya kuidhinishwa au ya kuchapwa. Nami nimekwisha kuona faili lililoitwa “mwisho”, pembeni yake “mwisho kabisa”, na lililotumwa kuchapwa halikuwa lolote kati ya hayo mawili.

Hatua ya 3: Uunganishe mwongozo na bidhaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupotea. Iandike namba ya mwongozo kwenye orodha ya sehemu zinazounda bidhaa, pamoja na boliti na gasketi. Ukifanya hivyo, anayefungasha ataudai kama anavyodai sehemu nyingine yoyote, na anayebadilisha muundo ataukuta mbele yake. Kisha, kwenye fomu ya kubadilisha muundo, ongeza swali moja lisiloweza kurukwa: je, badiliko hili linagusa maelekezo? Jibu liwe ndiyo au hapana, pamoja na saini ya aliyejibu.

Chukua mfano wa pampu ya maji. Kuanzia pampu yenye namba ya mfululizo 2400, vali imehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwongozo mpya ni sahihi kwa pampu mpya, lakini ni wa kupotosha kwa aliye na pampu namba 2399. Ukiupa toleo la 4 na kulifuta toleo la 3, umemnyang'anya mteja wa zamani maelekezo yake. Ukiyaacha matoleo yote mawili yaendelee kutumika chini ya namba moja, siku utakapogundua kosa lililomo katika yote mawili utajikuta huna namba ya kulipatia toleo la 3 lililosahihishwa, kwa kuwa 4 imekwisha kutumika.

Mafundi wa sehemu za mashine walikwisha kulitatua jambo hili zamani: sehemu mpya isiyoweza kukaa mahali pa ile ya zamani hupewa namba mpya. Fanya vivyo hivyo. Kama mwongozo mpya unafaa kwa bidhaa zote, za zamani na za sasa, kwa mfano pale uliposahihisha tu sentensi yenye utata, pandisha namba ya toleo. Kama miongozo miwili italazimika kuishi pamoja, mpya upewe namba yake ya waraka, na kila mmoja utaje kwenye jalada namba za mfululizo unazozihusu.

Hatua ya 4: Weka mlango mmoja wa mabadiliko

Kila anayetaka kubadilisha neno katika mwongozo aandike ombi linaloeleza ukurasa, tatizo na sababu. Malalamiko ya wateja, ripoti za mafundi na marejesho ya bidhaa yote yapitie mlango huo. Mabadiliko yanayohusu usalama hayasubiri foleni. Yanayohusu namna ya kutenda hupangiwa toleo linalofuata. Ya tahajia yanaweza kukusanywa. Uamuzi wa kundi gani usiachiwe mwandishi peke yake, kwani nukta iliyohama katika kipimo huonekana kama kosa la tahajia kwa asiyeijua mashine.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha idhinisha

Mpe mwongozo mtu ambaye hakuitengeneza bidhaa, umwache afuate maelekezo bila kumsaidia, nawe ukae kimya ukiandika anapokwama. Mhandisi akikagua maandishi yake mwenyewe husoma kile anachokijua, si kile kilichoandikwa. Baada ya hapo ndipo zije saini za mhusika wa muundo, mhusika wa usalama na mwenye dhamana ya waraka.

Hatua ya 6: Tafsiri zifuate asili

Teua lugha moja kuwa ya asili, na kila tafsiri itaje imetokana na toleo lipi la asili. Usitoe toleo jipya kwa lugha moja huku nyingine zikibaki nyuma, isipokuwa kwa sababu ya usalama, na hata hapo tafsiri ziwe na tarehe ya kukamilika. Namba zote zikaguliwe na watu wawili tofauti: boliti inayopaswa kukazwa kwa nyutoni mita 25 ikiandikwa 52, hakuna ufasaha wa lugha utakaoiokoa.

Hatua ya 7: Toa jipya, ondoa la zamani

Siku ya kutoa toleo jipya iwe pia siku ya kuondoa la zamani ghalani, kwa mpiga chapa, kwenye tovuti na mikononi mwa mafundi. Hesabu nakala zinazoharibiwa na uandike. Kama umeweka msimbo wa QR kwenye bidhaa, uelekeze kwenye anwani isiyobadilika ya bidhaa hiyo, kamwe si kwenye faili la toleo fulani. Nakala asili ya toleo lililoondolewa ihifadhiwe, ikiwa na alama ya wazi kwamba haitumiki tena.

Pitia orodha kuu kwa ratiba, hata kama hakuna aliyelalamika.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, karakana yetu ina watu watatu tu na hatuna programu ya kusimamia nyaraka. Je, utaratibu huu si mzito kwetu?

Jibu: Jedwali moja na folda mbili zinatosha: moja ya yanayotumika, nyingine ya yaliyoondolewa, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuhamisha faili kutoka moja kwenda nyingine. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 cha 2015, katika kifungu cha 7.5, kinataka nyaraka zitambulike, zipitiwe na kuidhinishwa, zipatikane zinapohitajika, na mabadiliko yake yadhibitiwe. Hakitaji programu yoyote. Ninachowasihi msikiruke ni saini ya pili. Mkiwa watatu, anayeandika asiwe ndiye anayeidhinisha.

Swali: Tumegundua kosa la onyo la umeme baada ya katoni 400 kuondoka. Tuchape upya?

Jibu: Kuchapa upya ni jambo la baadaye. Kwanza zuieni katoni zilizobaki ghalani. Pili, tumieni namba za mfululizo kujua ni wauzaji na wateja gani walizipokea, muwapelekee taarifa ya marekebisho yenye onyo sahihi, na mweke kumbukumbu ya nani amethibitisha kuipokea. Kama kosa hilo linaweza kumdhuru mtu, liangalieni kama mngeliangalia kosa la bidhaa yenyewe, pamoja na wajibu wa kuiarifu mamlaka ya nchi inakouzwa. Wanaofuata utaratibu wa hatua ya 3 humaliza kutafuta wateja mapema. Wasioufuata hulazimika kuwaarifu wote waliowahi kununua.

Swali: Je, tunaweza kuacha karatasi kabisa na kubaki na mwongozo wa kwenye intaneti?

Jibu: Inategemea bidhaa na soko. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1230 kuhusu mashine, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 20 Januari 2027, inaruhusu maelekezo ya kidijitali, lakini mnunuzi akiomba karatasi wakati wa kununua lazima apewe bure, na maelekezo yabaki mtandaoni kwa muda wote unaotarajiwa wa maisha ya mashine, usiopungua miaka 10 tangu iingizwe sokoni. Kwa hiyo anayechagua intaneti anajifunga kuitunza anwani hiyo hata baada ya kubadilisha tovuti.

Swali: Nakala za matoleo ya zamani tuzihifadhi kwa muda gani?

Jibu: Angalau kwa muda wote ambao bidhaa ya mwisho iliyotoka na toleo hilo inatarajiwa kutumika. Kwa vifaa vya tiba, kiwango cha ISO 13485 kinakwenda kwa mantiki hiyohiyo ya maisha ya kifaa. Faili moja halichukui nafasi, na siku mmiliki wa pampu namba 2399 atakapopiga simu, mtalihitaji.