Jinsi ya Kutafiti Historia ya Uwanja wa Maonyesho wa Kaunti Nchini Marekani

Kaunti nyingi za mashambani nchini Marekani zina uwanja wa maonyesho ya kilimo, na mara nyingi uwanja huohuo ndio bustani ya umma ambamo wakazi hufanya harusi, minada ya mifugo na mikutano ya ukoo. Chimbuko la desturi hiyo huhusishwa na Elkanah Watson wa Pittsfield, Massachusetts, ambaye mwaka 1807 aliweka kondoo wawili wa Merino hadharani, akaona jinsi majirani walivyokusanyika kuwatazama, na mwaka 1810 akaandaa maonyesho kamili ya mifugo. Anayetaka kuandika historia ya uwanja mmoja, hata hivyo, namshauri asianze na sherehe, bali aanze na ardhi.

Nenda kwanza kwenye ofisi ya msajili wa hati za ardhi ya kaunti. Faharasa za zamani zimepangwa kwa majina ya wauzaji na wanunuzi, kwa hiyo ukitafuta jina la uwanja hutapata kitu. Anza na mmiliki wa sasa, ambaye mara nyingi ni kaunti yenyewe, kisha rudi nyuma hati moja baada ya nyingine. Katika sehemu kubwa ya magharibi ya kati, ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, na kila mraba, unaoitwa sehemu, una ekari 640. Robo yake ni ekari 160, na robo ya robo ni ekari 40. Hati ikitaja "robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki ya sehemu ya 17", isome kuanzia mwisho: tafuta sehemu ya 17 kwenye ramani, kata robo yake ya kaskazini-mashariki, kisha ndani ya robo hiyo kata kona ya kusini-magharibi, nawe utakuwa umeweka kidole juu ya zile ekari 40 zenyewe. Soma pia masharti yaliyo chini ya hati, kwa maana huenda mtoaji aliandika kwamba ardhi irudi kwa warithi wake endapo itaacha kutumika kwa maonyesho.

Katika maeneo yaliyopimwa hivyo, hati ya kwanza kabisa ya mtu binafsi kwa kawaida ilitolewa na serikali kuu, wakati mwingine chini ya Sheria ya Homestead ya mwaka 1862, iliyowagawia walowezi ardhi ya umma, na nakala za hati nyingi za aina hiyo hupatikana bure kwenye tovuti ya idara ya shirikisho ya usimamizi wa ardhi. Nyuma yake kuna mikataba iliyowaondoa wenyeji asilia, nayo inastahili zaidi ya sentensi moja ya utangulizi.

Baada ya ardhi, fuata fedha. Kisa cha kawaida ni cha chama cha wakulima kilichouza hisa, kikanunua shamba, kikachonga njia ya mbio za farasi ya nusu maili na kujenga jukwaa, kisha kikaelemewa na madeni hadi kaunti ikauchukua uwanja. Mihutasari ya bodi ya kaunti itakueleza hayo waziwazi kuliko gazeti, kwani magazeti ya miji midogo yalizoea kusifu, na kwa maneno yao umati wa kila mwaka ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka uliotangulia. Usiamini pia bango linalotangaza "maonyesho ya 100" kabla ya kuhesabu mwenyewe: mengi hayakufanyika wakati wa Vita Kuu ya Pili na tena mwaka 2020, na mengine yalihama uwanja.

Hazina ninayoipenda zaidi ni kijitabu cha zawadi, kilichoorodhesha kila kundi la mashindano pamoja na malipo ya mshindi. Weka vijitabu vya miaka mbalimbali kando kwa kando, uone ni lini farasi wa kukokota jembe walipungua, ni lini vilabu vya vijana vya 4-H vilipewa kurasa zao, na ni zao gani lililotoweka kimyakimya.

Uwanja huwa na historia hata katika miezi isiyo ya maonyesho. Mwaka 1942, baada ya Amri ya Rais namba 9066, iliyoruhusu jeshi kuwaondoa watu katika maeneo liliyoyateua, uwanja wa Kaunti ya Merced, California, uligeuzwa kambi ya muda ya Wamarekani wenye asili ya Japani, na wengi wao walipelekwa baadaye kwenye kambi ya muda mrefu zaidi huko Granada, Colorado. Viwanja vya Tulare na Turlock, pia California, na cha Puyallup, jimbo la Washington, vilitumika vivyo hivyo. Mwandishi anayeruka mwaka huo kwa kuandika tu kwamba "maonyesho hayakufanyika" amewakosea wasomaji wake.

Mwisho, tafuta picha za angani zilizopigwa na Wizara ya Kilimo kuanzia miaka ya 1930, ambamo njia ya mbio huonekana kama yai katikati ya mashamba ya miraba. Chapisha nakala kubwa, uitandaze mezani mbele ya wazee, uwape penseli. Ukiuliza mwaka watasitasita. Ukiuliza banda la ng'ombe lilikuwa wapi, watachora. Andika tarehe ya mazungumzo nyuma ya kila nakala, kisha uache moja kwenye maktaba ya mji.