Ukitaka tableti ikae miaka, anza na joto na chaji, kioo baadaye

Watu wengi wakinunua tableti, au kishikwambi kama wengine wanavyoita, cha kwanza wanatafuta kava na protekta ya kioo. Ni sawa kabisa, fanya hivyo, ila kioo kikipasuka unakiona na kinabadilishwa, kinachoimaliza tableti polepole bila wewe kushtuka ni joto na namna unavyoichaji, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Dada yangu alikuwa na tableti ya watoto kusomea. Ilikuwa inashinda kwenye chaji na inalala kwenye chaji, maana watoto wakimaliza masomo wanaangalia katuni na hakuna anayetaka izime katikati. Siku moja nimeiweka mezani nikagusa kona, ikayumba kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na haikuwa na kamera iliyochomoza nyuma kwamba niseme ndiyo inayoiyumbisha. Nikaishika ubavu nikaiangalia usawa wa macho, kumbe kioo kimeinuka upande mmoja, pale kati ya kioo na fremu ukucha unapita na mwanga unavuja. Yeye alijua gundi imeachia tu, na kila siku alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba irudi. Jamani ile sio gundi, ni betri imevimba, na kuibonyeza ni jambo la hatari mno.

Betri ya tableti ni ya lithiamu, ndani kuna tabaka nyembamba zimepangwa na kufungwa kwenye mfuko laini pamoja na kimiminika. Ikikaa imejaa asilimia 100 muda wote na bado ina joto, kile kimiminika kinaanza kuharibika na kutoa gesi, gesi haina pa kutokea, basi mfuko unavimba na kusukuma kioo juu. Ukiibonyeza au ukiitoboa zile tabaka zinaweza kugusana, ikapiga shoti na kuwaka moto, na moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Kwa hiyo ukiona dalili hiyo chomoa chaji, izime, usiiwashe tena hata kama una picha unataka kuhamisha, iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae mbali na godoro na mapazia, halafu ipeleke kwa fundi anayezijua betri. Na ile betri mbovu usiitupe kwenye taka za nyumbani, huko itakuja kupondwa na kumlipukia mtu mwingine, muulize fundi wanapokusanya betri chakavu.

Sasa kuchaji kwenyewe. Betri ya lithiamu inapenda kukaa katikati, ikiwa kati ya asilimia 20 na 80 imestarehe, kwa hiyo usione vibaya kuchomoa kabla haijajaa. Tableti nyingi za siku hizi ukiingia kwenye mipangilio ya betri utakuta sehemu ya kuweka kikomo, ikifika 80 inaacha kujaza yenyewe, iwashe hiyo hasa kama tableti inashinda imechomekwa. Na lile neno la kwamba lazima uiache iishe mpaka izime ndio uchaji, hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli, hii ya sasa ukiizoesha kuisha kabisa unaichosha bure, na ukiiacha kwenye sifuri miezi kadhaa inaweza isiwake tena. Kama unaiweka kabatini muda mrefu ijaze nusu, izime, na ikifika miezi 6 itoe uirudishe nusu tena, hata Apple wanashauri hivyo kwa vifaa vyao.

Joto nalo. iPad imetengenezwa itumike kwenye nyuzi 0 mpaka 35 za Selsiasi, na gari lililofungwa vioo likiachwa juani linapita hapo ndani ya muda mfupi sana, juu ya dashibodi ndio balaa. Usichaji tableti ikiwa chini ya mto au katikati ya blanketi, joto lake linakosa pa kwenda, na kama kava ni nene livue kwanza. Ukiishika ukaona imekuwa ya moto na uko kwenye gemu huku inachaji, acha gemu, chomoa, iweke kivulini ipoe yenyewe. Tafadhali usiitie kwenye friji, ukija kuitoa unyevu wa hewa unageuka matone humo ndani na hapo umeshaongeza tatizo lingine.

Chaja ndogo ya simu ya wati 5 haiiharibu tableti, itachukua masaa mengi tu. Inayoharibu ni chaja feki na waya uliochubuka, ukiona waya umeanza kuonyesha nyuzi za ndani tupa, usiufunge na seloteipu.

Kuna wakati inagoma kuchaji mpaka uushike waya kwa pembe fulani, na mtu anakimbilia kusema tundu la chaji limekufa. Kabla hujatoa hela izime umulike mle tunduni na tochi, mara nyingi utakuta nyuzi za begi na vumbi vimeshindiliwa huko mwisho na kila ukichomeka unazidi kuvishindilia. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kokoa taratibu pembeni pembeni, kinatoka kitonge cha kijivu. Usitumie sindano wala pini, na usipulize kwa mdomo maana unaingiza mate.

Kioo kifute na kitambaa laini kilicholowa kidogo sana, tableti ikiwa imezimwa, na maji uyatie kwenye kitambaa, sio kunyunyizia kioo. Juu ya kioo kuna tabaka jembamba linalozuia mafuta ya vidole, ukilipaka dawa ya kusafishia madirisha au ya kupaushia nguo linaondoka, na baada ya hapo kila alama ya kidole itaganda.

Ikiingia maji izime hapo hapo, usijaribu kuiwasha uone kama nzima, usiichomeke, ifute, isimamishe tundu likiangalia chini penye upepo, iache siku nzima au mbili. Mchele hausaidii, hauvuti maji yaliyo ndani na unga wake unaingia kwenye matundu, Apple wenyewe wamekataza kwa simu zao. Mashine ya kukaushia nywele pia acha. Hata zile zenye alama ya IP68, yaani ya kuhimili vumbi na maji, zimepimwa kwenye maji safi, bahari na bwawa la kuogelea sio mahali pake.

Kwenye begi ipe mfuko wake peke yake bila funguo wala kichwa cha chaja, isikandamizwe na vitabu, ni pana na nyembamba hivyo inapinda upesi kuliko simu.

Ya dada yangu iliwekwa betri mpya na kikomo cha 80. Kila mwisho wa mwezi tunavua kava, tunaishika usawa wa macho na kuzungusha pande zote nne taratibu kama mtu anayekagua ubao umenyooka, tukitafuta ule ufa wa mwanga. Hatubonyezi popote.