Somo: Kukagua sarafu ya dhahabu kwa picha na mwaka wake

Sarafu bandia nyingi unaweza kuzikamata kabla hujawasha mizani, kwa sababu picha iliyopo haiendani na mwaka ulioandikwa. Waigaji huhangaika na rangi na uzito, historia ya mchoro wanaipuuza. Tutashughulika na sarafu za wakia moja (gramu 31.1 za dhahabu), na zaidi Tai wa Marekani (sarafu iitwayo American Eagle), maana ndiye anayechanganya watu.

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, mizani ya kusoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupima kipenyo na unene), kikombe cha maji na uzi mwembamba. Sarafu ishike kwa ukingo, na usiisugue hata ikiwa chafu: mikwaruzo haifutiki.

Hatua ya 1: Upande wa mbele. Mwanamke unayemwona ni Uhuru. Mkono wa kulia ana mwenge, wa kushoto tawi la mzeituni, na nyuma yake miale ya jua na jengo la Bunge. Mchoro ni wa Augustus Saint-Gaudens, ulitumika kwanza kwenye sarafu ya dola 20 ya mwaka 1907. Nyota zinazomzunguka ni majimbo, kwa hiyo zihesabu: zilikuwa 46 mwaka 1907, 48 kuanzia 1912, na Tai wa kisasa, aliyeanza kupigwa 1986, ana 50.

Hatua ya 2: Mwaka. Tai wa 1986 hadi 1991 wana tarakimu za Kirumi (MCMLXXXVI hadi MCMXCI). Za kawaida zilianza 1992. Ukikuta Tai ameandikwa "1989", mrudishie mwenyewe, huna haja ya kupima.

Hatua ya 3: Upande wa nyuma. Tangu 1986, tai dume anaruka na tawi la mzeituni kuelekea kiota walimo jike na makinda. Ni picha ya familia. Katikati ya 2021 kikaja kichwa cha tai peke yake, kazi ya Jennie Norris. Kwa hiyo Tai wa 2021 wako wa aina mbili na wote ni halali, ila wa 2022 mwenye kiota ni wa bandia. Toleo jipya pia lina kasoro ya makusudi kwenye meno ya ukingo, iliyowekwa kwa ajili ya usalama. Wapo wanaoikataa sarafu nzuri wakidhani imebanduka.

Hatua ya 4: Vipimo. Uzito gramu 33.93, kipenyo milimita 32.7, unene milimita 2.87. Unazidi 31.1 kwa kuwa ni karati 22: dhahabu asilimia 91.67, fedha 3, iliyobaki shaba. Tai mwenye gramu 31.1 kamili si Tai.

Hatua ya 5: Maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Isome karibu gramu 1.91. Ikigusa chini namba inaruka juu. Mapovu yakiganda nayo huipandisha, yaondoe kwa kuitikisa taratibu. Ikisoma karibu 1.76 na uzito ni sahihi, shuku tangsteni (metali nzito ya bei nafuu) iliyopakwa dhahabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina Panda (sarafu ya dhahabu ya China) ya 2017 inasoma gramu 30 tu. Nimepigwa?
Hapana. China ilihamia gramu mwaka 2016. Panda kubwa za hadi 2015 ndizo za wakia. Kagua picha badala yake: panda hubadilika kila mwaka, isipokuwa 2002 iliyorudia ya 2001. Tafuta picha ya mwaka husika, linganisha mianzi na mkao wa mnyama. Upande wa pili huwa na Hekalu la Mbingu la Beijing.

Krugerrand, sarafu ya Afrika Kusini, haijaandikwa thamani ya pesa. Ni kawaida?
Ndiyo, tangu 1967. Mchoro nao haubadiliki: Paul Kruger mbele, swala wa springbok nyuma. Kwa hiyo hapo mwaka hautakusaidia, hesabu meno ya ukingo: 160 kwa ya kawaida, 220 kwa ile ya wakusanyaji yenye kung'aa kama kioo. Uzito ni sawa na Tai ila haina fedha, ndiyo maana ina wekundu zaidi. Kwenye maji isome kama 1.93.

Kipimo cha maji kinafaa kwa jani la Kanada (sarafu ya Maple Leaf)?
Kwa tangsteni, hakifai. Jani ni dhahabu tupu (.999 lilipoanza 1979, .9999 baadaye), na uzani mahususi wa tangsteni ni karibu sawa na wa dhahabu, 19.3. Zote mbili zitasoma 1.61. Hapo mpelekee muuzaji mwenye kifaa cha kupima upitishaji wa umeme.